Utando wa kukinga mawe kwenye gari la spoti: anza na ubavu wa nyuma

Swali: Niliagiza kutoka Japani Toyota 86 nyekundu ya mwaka 2017. Naishi Dar es Salaam, na karibu kila mwezi nakwenda Iringa kikazi. Baada ya safari nne tu, bampa la mbele na ncha ya boneti vimejaa vidoa vya mawe. Nyuma ya magurudumu hali ni mbaya zaidi: kwenye ubavu wa nyuma rangi imechubuka hadi chuma kinaonekana, na donda moja limeanza kuwa la kahawia. Niliweka rimu pana zaidi zinazotokeza nje kidogo. Fundi mmoja ananishauri nipake seramiki ya “9H”, anasema mawe yatadunda. Mwingine anataka kuvika gari zima utando wa plastiki, kwa fedha ambazo sikuzipanga. Rafiki yangu naye anasema ninunue rola mtandaoni nibandike mwenyewe. Karatasi ya mnada, yenye ripoti ya ukaguzi wa gari huko Japani, inaonyesha kuwa bampa la mbele liliwahi kupakwa rangi. Nifunike wapi, kwa utando gani, na je, siku ya kuutoa hautang’oa rangi?

Jibu:

Umefanya jambo ambalo wateja wangu wengi hawalifanyi: umetazama nyuma ya magurudumu. Wengi hunionyesha bampa na boneti, kwa kuwa ndivyo wanavyoviona wanapoliendea gari asubuhi, ilhali donda la gharama kubwa zaidi huwa limejificha kwenye ubavu wa nyuma, chini ya usawa wa macho, na mwenye gari hulikuta siku anapochutama kujaza upepo. Kwa hiyo nitaanza na swali lako la “wapi”, kisha nije kwenye “utando gani”, kwa sababu mtu asiyejua jiwe linatoka upande gani huishia kulipia plastiki nyingi mahali pasipopigwa.

Gari lako linapigwa na mawe ya aina mbili. La kwanza ni lile linalorushwa na gari lililo mbele au linalopishana nawe. Kwa njia ya Iringa, yenye malori yaendayo Tunduma na vipande vya barabara vinavyofanyiwa matengenezo, kokoto zilizolegea juu ya lami hazikosekani. Jiwe hilo mara nyingi linakuwa limeruka tu juu, na ni gari lako linaloliendea kwa kasi yake lenyewe. Nguvu ya pigo hukua kwa mraba wa kasi: ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 120, umeongeza kasi kwa nusu tu, lakini nguvu ya jiwe lilelile imekuwa mara mbili na robo ya ile ya awali. Ndiyo maana mtu anayeliacha lori umbali mzuri, akapunguza mwendo kwenye kokoto mpya, anaokoa rangi nyingi bila kununua chochote.

Jiwe la pili unalirusha wewe mwenyewe. Tairi huokota kokoto kwa mifereji yake, hulizungusha, kisha huliachia kuelekea nyuma na juu. Tairi za mbele hupiga kizingiti cha chini ya mlango na mwanzo wa ubavu wa nyuma, yaani pale gari linapoanza kutanuka kulifuata tao la gurudumu la nyuma. Magari ya spoti huumia hapo kuliko magari mengine kwa sababu ya umbo lao: yamekaa chini, na mabavu yake ya nyuma yamevimba kama nyonga, hivyo yanasimama moja kwa moja kwenye njia ya jiwe. Hilo si geni kwa watengenezaji. Porsche wamekuwa wakiweka vipande vya kinga mbele ya matao ya nyuma ya 911 zenye mabavu mapana tangu zama za Turbo ya kwanza, na vipande hivyo vinatoka kiwandani pamoja na gari.

Hapa sina budi kukuambia jambo usilolipenda kuhusu rimu zako. Toyota 86 ya toleo lako mara nyingi ilitoka na tairi za 215/45 kwenye rimu za inchi 17, na tairi hizo zilikaa ndani ya kivuli cha fenda. Ulipozitoa nje, sehemu ya tairi haifunikwi tena na bati, na kila kokoto inayookotwa na ukingo ule wa nje ina njia wazi hadi ubavuni. Madonda hayo yote ndani ya safari nne si bahati mbaya, ni hesabu. Ukirudisha rimu za awali, au ukifunga vipande vya mpira vinavyoning’inia nyuma ya magurudumu ya mbele, utapunguza tatizo zaidi ya utando wowote. Najua vipande hivyo haviwapendezi wenye magari ya spoti, nami sitakulazimisha, ila ungekuwa mdogo wangu ningekufungia hata bila ruhusa yako.

Sasa tuangalie kinachovunjika. Rangi ya kiwandani, kuanzia tabaka la kuzuia kutu lililolala juu ya chuma, praima, rangi yenyewe, hadi tabaka angavu la juu ambalo mafundi huliita klia, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150 kwa jumla. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina takriban maikroni 100. Yaani kati ya jiwe na bati kuna unene wa karatasi moja au moja na nusu. Klia ni ngumu, na ugumu huo ndio udhaifu wake hapa: ncha ya jiwe ikiigusa, nguvu yote inakusanyika kwenye nukta moja, klia inapasuka kwa sababu haiwezi kubonyea, na mshtuko unashuka hadi tabaka za chini zinaachana na bati. Kinachobanduka ni kipande kizima chenye ukingo mkali, na maji ya mvua huanza kupenya kwenye ukingo huo.

Kinachohitajika juu yake, basi, ni kitu laini na kizito kinachobonyea, kikatawanya pigo kwenye eneo pana na kwa muda mrefu kidogo zaidi, kisha kikarudi kwenye umbo lake. Poliurethani, plastiki inayonyumbuka kama mpira, ina tabia hiyo. Haikubuniwa kwa ajili ya magari: inasimuliwa kuwa asili yake ni mkanda uliotengenezwa na 3M miaka ya 1960 kulinda mapanga ya helikopta za jeshi la Marekani, ambayo yalikuwa yakiliwa na mchanga na mawe vitani Vietnam, na baadaye ndipo ukahamia kwenye magari ya mashindano na ya mitaani. Ukilishika hilo, swali la seramiki linajijibu lenyewe. Seramiki ni tabaka la maikroni chache tu, tena gumu. Hiyo “9H” inatoka kwenye kipimo cha penseli, ambapo penseli za ugumu tofauti hukwaruzwa juu ya rangi kuona ipi itaacha alama, wala haina uhusiano na jiwe linalokuja kwa kasi ya barabara kuu. Seramiki ni nzuri kwa kazi yake: maji huteleza, vumbi halishiki sana, na gari huosheka kwa urahisi. Fundi wako hakukosea kuiuza, amekosea kuisifia kwa jambo isiloliweza.

Kabla hujaamua pa kufunika, tazama pia kilicho chini ya rangi, kwa sababu gari lako limejengwa kwa vitu vitatu tofauti. Bampa ni plastiki: likichubuka linachukiza macho, lakini halitaoza kamwe. Boneti ya toleo lako ni ya alumini, nayo haitoi kutu ya kahawia. Ikiachwa wazi muda mrefu huota unga mweupe na rangi ya pembeni huvimba, lakini hilo huenda taratibu. Vyote viwili vimefungwa kwa bolti, vinafunguka na vinaweza kubadilishwa. Ubavu wa nyuma na kizingiti ni chuma, na vimechomelewa kuwa sehemu ya mwili wa gari. Havifunguki. Vikioza, dawa yake ni kukata na kuchomelea, na kwenye hewa ya chumvi ya Dar es Salaam donda lililofika kwenye chuma halisubiri msimu wa pili wa mvua.

Kuna sababu nyingine ya kuulinda ubavu huo kwanza. Rangi ya kiwandani hukaushwa kwenye tanuri la joto la takriban nyuzi 140, wakati gari bado ni bati tupu lisilo na viti, nyaya wala mipira. Gari likishakamilika halivumilii joto hilo, hivyo gereji nzuri yenye chumba cha kupakia rangi hutumia rangi ya aina nyingine inayokauka kwa nyuzi 60 hivi. Inaweza kung’aa sawa kabisa, lakini rangi ya asili ikishatoka, gereji haiwezi kukurudishia ileile.

Kwa hiyo pendekezo langu ni tofauti na la fundi anayetaka kuvika gari zima. Paa, buti na sehemu ya juu ya milango hupigwa na mawe kwa nadra sana. Utando wa huko hukinga mikwaruzo ya maegesho na kinyesi cha ndege, na kama fedha zipo haudhuru, lakini hiyo siyo shida uliyoniandikia. Funika mabavu ya nyuma kuanzia mbele ya tao la gurudumu pamoja na vizingiti. Fedha ikitosha, ongeza bampa la mbele, boneti, ncha za fenda na migongo ya vioo vya pembeni. Kwenye boneti wengine hukata gharama kwa kubandika mkanda wa mbele tu, wa sentimita 40 au 50. Unafanya kazi, ila mstari wake wa mwisho hukusanya vumbi na mabaki ya nta, na kwa gari jekundu utauona kila siku. Tena jua likifubaza rangi kwa miaka, iliyofunikwa na isiyofunikwa zinaweza kutofautiana. Rola za kawaida zina upana wa mita 1.52, na boneti ya gari dogo kama lako kwa kawaida huingia bila kiungo. Mimi ningefunika boneti yote au ningeiacha yote.

Lakini hakuna kitakachobandikwa juu ya lile donda la kahawia. Hapa watu hukosea kwa nia njema, wakidhani kwamba utando usiopitisha maji utaizuia kutu. Kutu iliyokwisha kuanza ina unyevu na chumvi ndani yake. Ukiifunika unaifungia chumba chake, nayo itaendelea kutambaa chini ya rangi huku wewe ukiitazama kupitia plastiki angavu. Donda dogo lisilozidi punje ya mchele linaweza kusafishwa hadi chuma king’ae, likatiwa dawa ya kubadili kutu, praima, rangi na klia kwa brashi ndogo, kila tabaka likikauka. Namba ya rangi iko kwenye kibati cha gari, mara nyingi kando ya herufi C/TR. Usiridhike na nyekundu “inayofanana”. Kiraka kitaonekana ukisogea karibu, na utando hautakificha, kwani alama iliyokuwepo kabla ya kubandika hubaki kuonekana chini yake. Kama rangi inayozunguka donda imevimba, au ukiibonyeza kwa ukucha inabonyea, acha hapo na mpelekee fundi rangi alione kwa macho yake. Kutu ya namna hiyo huwa imeenea kuliko inavyoonekana, na picha ya simu haitoshi kuipima.

Kuhusu bampa lililopakwa upya, na hofu yako ya rangi kung’oka. Gundi ya utando mzuri hutengenezwa iwe dhaifu kuliko mshiko wa rangi ya kiwandani, hivyo ukitolewa kwa utaratibu rangi hiyo hubaki. Rangi ya gereji haina dhamana hiyo. Kama plastiki haikukwanguliwa vizuri au haikupakwa dawa ya kushikisha rangi, klia inaweza kufuata utando siku ya kuutoa, au hata siku ya kuubandika, fundi anapouinua ili aurekebishe. Rangi ikiwa mbichi kuna tatizo la pili: viyeyusho vinaendelea kutoka kwa wiki kadhaa, vikifungiwa vinafanya mapovu, ndiyo maana mafundi wengi husubiri siku 30 hadi 90. Bampa lako lilipakwa Japani, hivyo ubichi si hoja. Ubora wa maandalizi ndio usiojulikana. Bandika kipande cha mkanda wa kufunikia rangi, ule wa karatasi, sehemu ya chini isiyoonekana, ukisugue, kisha ukivute kwa nguvu. Ukitoka na rangi, umepata jibu bila hasara kubwa. Usipotoka na kitu bado si uthibitisho kamili, na fundi mwaminifu atakutaka utie sahihi kwamba bampa unalifunika kwa hiari yako.

Pitia pia ile karatasi ya mnada kwenye mchoro wa gari. Herufi W ni sehemu iliyonyooshwa, P ni rangi yenye kasoro, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Ukiona W kwenye ubavu wa nyuma, mwombe fundi aupime kwa kipima unene wa rangi. Maikroni 100 na kitu ni habari njema. Zikizidi 200 pamepakwa tena, na zikienda mbali zaidi huenda chini kuna puti ya kujazia mabonyeo. Kumbuka kwamba kipimo hiki hakisomi juu ya plastiki, na kwa boneti ya alumini kinatakiwa kile chenye uwezo wa kusoma metali zisizoshika sumaku. Kwa njia, wakaguzi wa Japani wana neno kabisa la shida yako, “tobiishi”, jiwe linaloruka. Kama limeandikwa pembeni mwa karatasi yako, basi baadhi ya madonda uliyoyaona ulinunua nayo.

Sasa utando wenyewe. Zinazouzwa kwa jina la PPF, kifupi cha Kiingereza cha utando wa kukinga rangi, si kitu kimoja. Zipo za PVC, jamaa wa stika za matangazo: ni za bei rahisi, lakini ni ngumu kuvutika kwenye mikunjo, hukakamaa kwa jua, na baada ya muda hutoka vipande vipande. Zipo za poliurethani, mafundi huziita TPU, na hata hizo ni za ukoo mbili: aromatiki, inayogeuka njano kwa miale ya jua, na alifatiki, inayoistahimili. Kwa jua la pwani nunua alifatiki tu. Unene wa kawaida ni maikroni 150 hadi 200. Kwa bampa na boneti 150 inatosha na hukaa vizuri kwenye mikunjo. Kwa mabavu ya nyuma na vizingiti ningetumia 200 au zaidi, kwani hapo mawe yanakuja kwa umbali mfupi na bila kukoma. Usipumbazwe na neno “hujiponya”. Tabaka la juu la utando mzuri kweli hufuta mikwaruzo ya kitambaa na vumbi likipata joto la jua au maji ya moto, ila jiwe lililoutoboa utando limeutoboa, na kipande hicho kitabadilishwa.

Namna ya kupima ukiwa dukani ni rahisi. Omba kipande cha mabaki. Kivute kwa mikono miwili: TPU hurefuka kama mpira kisha hurudi, PVC hurefuka kidogo ikabaki imelegea. Kikwaruze kwa brashi ya shaba, kisha kimwagie maji ya moto uone. Soma dhamana yenyewe na siyo idadi ya miaka iliyoandikwa juu yake. Nyingi huahidi kutobadilika rangi, kutopasuka na kutoachia, lakini hazilipii kutobolewa na jiwe wala makosa ya aliyebandika, na dhamana isiyo na namba ya rola wala mtu wa kuijibu hapa nchini ni karatasi tu.

Rafiki yako hajakosea kabisa kuhusu kubandika mwenyewe. Vizingiti na vile vipande vidogo vya mbele ya matao ya nyuma ni kazi ambayo mtu mtulivu anaweza kuifanya, na akikosea atapoteza kipande kidogo. Bampa la 86, lenye mashimo, mabonde na taa za pembeni, nakusihi uliache. Niliwahi kumwona mtu mwenye mikono mizuri kuliko yangu akiharibu vipande vitatu vya bampa siku moja, na kwa vipande hivyo angeweza kumlipa fundi.

Ukiamua kufanya vizingiti na mabavu, chagua mahali palipofungwa, penye kivuli, feni zikiwa zimezimwa, na umwagie sakafu maji ili vumbi litulie. Anza alfajiri, kwani bati likiwa la moto maji hukauka kabla hujaweka utando mahali pake. Osha gari, toa lami kwa kiyeyusho chake, sugua kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi hadi kiganja kiteleze bila kukwama, kisha futa kwa spiriti ya isopropili ili kuondoa nta. Kwa wakazi wa Dar nina onyo mahususi: maji ya kisima yenye chumvi yasiguse kazi hii. Chumvi hubaki chini ya utando kama ramani. Tumia maji ya kunywa ya chupa.

Chukua umbo la ubavu kwa karatasi kwanza, kata kielelezo, kisha ndipo ukate utando mezani. Usikate kwa wembe juu ya gari. Klia ina maikroni 40 hivi, wembe hauzihesabu, na mimi mwenyewe mwanzoni mwa kazi niliacha mstari kwenye fenda ya mteja ambao niliulipia rangi. Kata pembe zote ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo ya kwanza kunyanyuka. Andaa chupa mbili za kupulizia: moja ya maji yenye matone machache ya shampuu ya watoto, ya kuuteleza utando, nyingine ya maji sehemu tatu na isopropili sehemu moja, ya kuushikisha. Lowesha mikono, bati na upande wa gundi unapoondoa karatasi yake. Laza, sogeza mpaka ukae, shikisha sehemu moja ya katikati kwa maji ya spiriti, kisha sukuma maji kwa kikwangua cha mpira kutoka katikati kwenda ukingoni, kila mpapaso ukipanda nusu ya uliotangulia. Tao la gurudumu litakulazimisha kuvuta. Vuta kidogo na kwa eneo pana, ukisaidiwa na hewa ya moto ya wastani. Ukivuta kupita kiasi utaacha michirizi isiyofutika, na utando utakuwa ukitaka kurudi ulikotoka kila siku, hadi uachie.

Ukimaliza utaona ukungu na vijimfuko. Vile vya maji hutoweka vyenyewe ndani ya siku kadhaa hadi wiki mbili tatu, kwa kuwa poliurethani hupitisha mvuke polepole. Vile vya hewa, vinavyong’aa na kurudi vilevile ukivibonyeza, havitaondoka, na punje ya vumbi haitaondoka pia. Ukiona nyingi, ng’oa siku hiyohiyo. Kwenye kizingiti angalia jambo moja: sehemu ya chini kabisa ya magari mengi ina rangi nzito ya vinundunundu ambayo kiwanda kiliiweka kama kinga. Gundi haishiki vizuri hapo, ishia juu yake.

Kwa bampa na boneti, mtafute fundi kwa kutazama gari alilolimaliza miezi sita iliyopita na siyo alilolimaliza jana. Pitisha kidole kwenye kingo: je, zimeinuka, zina mstari mweusi wa uchafu? Muulize anakata wapi. Anayetumia mashine ya kukata kwa vielelezo vya gari lako haleti wembe karibu na rangi, ila kingo zake huishia milimita chache kabla ya ukingo wa bati. Anayekata kwa mkono anaweza kukunja utando hadi ndani usionekane, lakini unategemea mkono wake. Njia zote mbili ni halali. Jibu la “usijali, hatukati chochote” si halali. Na akikubali gari lako bila kuuliza kama bampa limewahi kupakwa rangi, shukuru uondoke.

Baada ya kubandika usilioshe gari kwa wiki moja, na safari ya Iringa iahirishe kwa siku kadhaa. Baadaye waambie vijana wa kuosha magari wasielekeze mpira wa presha kwenye kingo, wausogeze mbali zaidi ya sentimita 30, na wasifute lami kwa petroli wala mafuta ya taa. Kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe vitolewe siku hiyohiyo; utando nao huingiwa na doa. Hesabu kwamba utakaa miaka mitano hadi kumi kulingana na jua na ubora wake, nao utolewe kabla haujakakamaa: unapashwa joto hadi uwe moto wa kuvumilika kwa mkono, unavutwa taratibu ukiwa umelala karibu na bati, usivutwe kwa kuinuliwa wima. Ulioachwa mpaka ukapasukapasuka hutoka kwa vipande na kuacha gundi, na hiyo ni kazi ya siku nzima ya mtu mwenye subira.

Wiki hii, basi, kabla ya kulipa mtu yeyote, peleka gari kwa fundi rangi mwenye kipima unene, ukiwa na karatasi yako ya mnada mkononi. Akague mabavu yote mawili na ndani ya tao la gurudumu kwa tochi, kwa sababu kutu unayoiona nje wakati mwingine ina mwenzake upande wa ndani. Donda la kahawia likishatibiwa na rangi yake ikakauka wiki kadhaa, utando wa mabavu na vizingiti uanze. Boneti inaweza kungoja mshahara mwingine.